Nani Alimgeuza Ged Kuwa Mzungu? Kutoka Earthsea Mpaka Lubaga

Kuna mchawi mmoja wa vitabuni aliyeandikwa akiwa na ngozi ya kahawia iliyokolea wekundu, halafu kwa miaka mingi akawa anauzwa madukani akiwa mzungu. Anaitwa Ged. Kama hujawahi kumsikia usijali, ila wewe unayempenda Harry Potter na shule yake, jua kwamba Ged alisoma uchawi shuleni karibu miaka 30 kabla ya huyo. Kitabu chake, A Wizard of Earthsea, kilitoka 1968.

Aliyemwandika ni Mmarekani, Ursula K. Le Guin, binti wa Alfred Kroeber, msomi mkubwa wa mila na tamaduni za watu. Yeye mwenyewe alikuwa mweupe. Lakini rangi ya Ged haikumponyoka tu kalamuni. Visiwani Earthsea watu wengi ni weusi au kahawia, na weupe ni Wakarg, wale wanaokuja kuvamia na kuchoma vijiji. Mama alicheza kiakili: hakutangaza rangi ya shujaa ukurasa wa kwanza. Alimwacha msomaji amzoee, amuonee huruma, ndipo kidogokidogo agundue anamshangilia nani.

Jalada la kwanza lilimtendea haki. Lilichorwa na Ruth Robbins wa Parnassus Press, na Ged yupo pale kwa ubavu, rangi ya shaba. Le Guin alilipenda. Baada ya hapo ndipo mambo yakaharibika. Kitabu kikahama mikono, nchi na wachapishaji, na kila toleo likaja na Ged wake. Mmoja amepauka, mwingine hata humjui ni nani. Mwandishi alipolalamika, jibu lilikuwa la kibiashara: mtu mweusi kwenye jalada hauzi. Mwaka 2004 chaneli ya Sci Fi ya Marekani ikatengeneza tamthilia ya Earthsea, Ged akachezwa na kijana mweupe. Bibi alikuwa na miaka 75. Akaandika makala kwenye jarida la mtandaoni la Slate, akawachana bila kupepesa macho.

Na wala si yeye peke yake. Octavia Butler, mwandishi mweusi kabisa, alitoa Dawn mwaka 1987. Mhusika wake mkuu Lilith ni mwanamke mweusi, jaladani akawekwa mwanamke mweupe. Mwaka 2009 ikaja zamu ya Liar cha Justine Larbalestier. Binti wa ndani ya kitabu ana damu ya Kiafrika na nywele fupi, wa nje akawa msichana mweupe mwenye nywele ndefu zilizonyooka. Hapo mtandao ulishachangamka. Wasomaji walipiga kelele mpaka mchapishaji akabadilisha jalada kabla kitabu hakijaanza kuuzwa. Ebu pata picha: kitabu kinaitwa "muongo", na muongo wa kwanza ni jalada lake.

Sasa kwa nini naleta habari hizi? Dada mmoja wa Mpuguso, jina kapuni, ameandika riwaya ya kubuni ya ulimwengu wa miujiza, na mhusika wake mkuu amemchora mwenyewe kwenye daftari. Mtengenezaji wa jalada amemrudishia mhusika huyohuyo akiwa amevaa deraya ya chuma, kichwa kimenyolewa, ngozi imeng'arishwa. Eti ndivyo "fantasia" inavyotakiwa kuonekana. Dada anauliza kama anadeka au ana hoja.

Ana hoja, tena nzito. Rungwe ni mahali pabaya pa kumnyoa shujaa. Wanaojua historia ya Wanyakyusa wanamjua Lwembe, mtawala mtakatifu wa Lubaga, hapohapo karibu na Tukuyu. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe miaka ya 1930, waliandika kwamba Lwembe hakuachwa afe kwa ugonjwa. Akiumwa sana, makuhani walimziba pumzi, na kabla roho haijatoka walichukua nywele na kucha zake, kwa sababu ndani yake kulikuwa na mvua na chakula cha nchi nzima. Sasa mtu anayemchora mtawala wa namna hiyo akiwa na kipara amefuta hadithi yote kwa wembe mmoja. Na deraya kwenye mvua ya Tukuyu, sijui tuseme nini.

Hata kubadilishwa sura kwenyewe huku kwetu si jambo geni. Kyala alikuwa mmoja wa mashujaa wa simulizi hizohizo. Wamisionari waliofika 1891 walichukua jina lake wakalifanya jina la Mungu, na leo wengi wanalitaja kanisani bila kujua lilianzia wapi. Mhusika anaweza kubaki na jina akapotezwa mwilini.

Nisimwonee mchora jalada lakini. Mara nyingi hapewi kitabu asome, anapewa aya mbili na tarehe ya mwisho. Tena mchoro wa daftarini hauwezi kuingia jaladani ulivyo: mhusika amesimama mzima, kumbe kwenye simu jalada linaonekana dogo kama stempu, na juu lazima ibaki nafasi ya jina. Kwa hiyo kuna vitu vitakatwa. Shanga ndogo zitapotea, miguu itapotea, mkao utabadilika. Hayo sawa. Swali ni kipi hakiguswi. Ged ana makovu upande wa kushoto wa uso, aliyoyapata kwa kiburi chake mwenyewe. Ukiyatoa hayo makovu umechora kijana mwingine. Dada wa Mpuguso aandike vitu vitatu vya aina hiyo, amkabidhi mtengenezaji, vingine amwachie fundi uhuru wake. Na akumbuke mchoro wa daftarini ni mali yake: Sheria ya Hakimiliki Namba 7 ya mwaka 1999 inamlinda, na COSOTA ndiko pa kuusajili kazi. Kabla ya kulipa salio, sio baada. Ndaga fijo.

Le Guin naye alifika. Kwa miaka kama minne alifanya kazi na mchoraji Charles Vess, wakitumiana michoro, wakibishana hata mazimwi yakae vipi, mpaka Ged akatokea na ngozi yake. Bibi alifariki Januari 2018. Kitabu hicho kikubwa, chenye Earthsea yote, kilitoka Oktoba mwaka huohuo, na 2019 kikampa Vess tuzo ya Hugo.