Kumtafuta Mkulima wa Kidachi Katika Hati za Uzaramo

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ilitungwa na watu wa biashara, waliojua kwamba kumbukumbu ya mwanadamu ni chombo kinachovuja, na kwamba deni lisiloandikwa huzaa ugomvi. Lakini maana yake hupanuka mtu akiitazama historia ya ardhi inayouzunguka mji wa Dar es Salaam. Palipo na nyumba za Kinondoni na Temeke leo palikuwa, miaka mia moja na zaidi iliyopita, na mashamba ya minazi, mihogo na mpunga, vijiji vya Wazaramo na Washomvi, na hapa na pale shamba la mgeni kutoka Ulaya. Mgeni huyo alikuwa na daftari. Wenyeji wake aghalabu hawakuwa nalo. Tofauti hiyo moja ndiyo inayoamua hata sasa nani anaweza kumpata babu yake na nani hawezi.

Tuseme yuko mtu wa ukoo wa Kijerumani anayetaka kujua habari za babu aliyekuja kulima Afrika ya Mashariki mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Kazi yake ni ngumu, lakini njia ipo. Huanzia kwao. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya makanisa vya Ujerumani vinarudi nyuma karne kadhaa, na tangu mwaka 1876 serikali iliandikisha vizazi, ndoa na vifo katika Dola yote. Bandari ya Hamburg ilikuwa na orodha za wasafiri waliohama, zilizoanza mwaka 1850 na kuendelea hadi 1934. Tangu mwaka 1890 kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie ilikuwa ikisafirisha watu na bidhaa kutoka bandari hiyo hadi pwani ya Waswahili. Kwa hiyo hata kabla mtafiti hajaukanyaga mchanga wa pwani, yumkini anajua babu yake alizaliwa wapi, alikuwa na kazi gani, na aliondoka lini.

Akifika Dar es Salaam ataikuta sehemu ya pili ya njia katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ambamo mna majalada ya Serikali ya Kidachi. Majalada hayo yenyewe yana safari yake. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza yalihamishiwa Tabora, na mengi yakafukiwa ardhini yasije yakaangukia mikononi mwa adui. Baada ya vita yakafukuliwa, na baadaye yakarudishwa pwani. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa nyaraka kutoka Ujerumani walisaidia kuyapanga, na mwongozo wake ukachapishwa huko Marburg mwaka 1973. Mengi yameandikwa kwa mwandiko wa zamani, ambao Mjerumani wa leo mwenyewe hawezi kuusoma bila ya kufundishwa.

Tena mtafiti ni lazima ajue tahajia za wakati ule. Uzaramo huandikwa Usaramo, mji wenyewe huandikwa Daressalam, na neno shamba limeingizwa katika Kidachi na kuandikwa Schamba. Asiyejua hayo anaweza kulipita jalada analolitafuta huku amelishika mkononi.

Kuna na kosa jingine linalowapata wengi, nalo ni kudhani kwamba kila Mdachi aliyelima alikuwa na ardhi. Hesabu ya mwaka 1913 ilionyesha Wazungu 5,336 katika koloni zima, na kati yao wanaume waliohesabiwa kuwa wakulima na wenye mashamba walikuwa 882 tu. Wengine wengi walikuwa maofisa, askari, wamisionari, wafanya biashara na mafundi. Na hata katika watu wa mashamba, walikuwako waliolipwa mishahara kusimamia mali ya kampuni ambayo wenye hisa zake hawakutoka Ulaya. Msimamizi wa namna hiyo hatapatikana katika daftari la ardhi. Atapatikana katika barua za kampuni yake, katika kesi za mahakama, katika kitabu cha kanisa, au katika kurasa za gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililochapishwa Dar es Salaam tangu 1899 hadi 1916. Wazao wa watu kama hao mara nyingi wamesimuliwa kwamba babu alikuwa bwana mwenye shamba kubwa. Hati huwaonyesha karani wa minazi aliyekuwa na deni dukani.

Lakini ikiwa babu alikuwa kweli na shamba, hati yake ipo, na hapo ndipo jambo zito linapoanza, kwa kuwa hati hiyo ina watu wawili, na mmoja tu ndiye aliyeandikwa kwa ukamilifu.

Kabla ya Wadachi, pwani hii haikuwa nchi isiyokuwa na sheria. Mapokeo ya Wazaramo na Washomvi husimulia juu ya kanda la Pazi, yaani ada ya chumvi na vitu vinginevyo ambayo Washomvi wa pwani walimpa Pazi, mkuu wa Wazaramo, kwa kutambua haki yake na msaada wake. Sultani Majid bin Said wa Unguja alipoanza kujenga mji katika miaka ya 1860, mashamba ya minazi yaliongezeka, na Waarabu na Wahindi wakapata mali hapo. Mauzo yaliandikwa kwa hati za Kiarabu mbele ya kadhi. Tena kwa mila nyingi za pwani mti ulikuwa na mwenyewe, na ardhi iliyouchukua mti ilikuwa na habari nyingine. Mtu aliweza kuuza minazi yake bila ya kudhani kwamba ameuza udongo uliozikwa wazee wake.

Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki ilifungua kituo Dar es Salaam mwaka 1887, na mwaka 1891 mji ukawa makao makuu ya koloni badala ya Bagamoyo. Mwaka 1895 ilitolewa amri ya Kaisari iliyosema kwamba ardhi yote isiyokuwa na mwenyewe ni ardhi ya Dola. Wenyeji walitakiwa wabakishiwe eneo mara nne ya lile walilokuwa wakililima. Kwa mtu wa ofisini kipimo hicho kilionekana cha ukarimu. Kwa mkulima wa Kizaramo, ambaye shamba lake la mwaka huu si la mwaka kesho, na ambaye huuacha udongo upumzike kwa miaka mingi, pori lililopumzishwa lilikuwa mali yake sawasawa na konde lenye mihogo. Daftari halikuwa na safu ya kuandika ardhi iliyolala. Iliandikwa kuwa haina mwenyewe.

Hivyo basi mtafiti anapofungua hati ya babu yake, ataliona jina lake limeandikwa vizuri, na kazi yake, na ukubwa wa shamba, na bei kwa rupia. Upande wa pili huenda akaona majumbe waliohudhuria kupima mipaka, au jina la muuzaji lililoandikwa jinsi sikio la karani wa Kidachi lilivyolisikia. Mpaka wenyewe huenda ukatajwa kwa mbuyu, kijito, au shamba la mtu fulani. Maneno hayo machache ya pembeni mara nyingi ndiyo maandishi ya pekee yaliyobaki juu ya ukoo mzima wa wenyeji. Kuyapita haraka kwa kuwa hayamhusu babu ni kuisoma nusu ya hati.

Mfano wa nguvu ya karatasi uko karibu na katikati ya mji. Eneo la Kariakoo lilikuwa sehemu ya shamba la Mdachi aliyeitwa Schoeller. Muda mfupi kabla ya vita Serikali ya Kidachi ililinunua shamba hilo kwake ili Waafrika wapimiwe viwanja huko. Waingereza walipoushika mji mwaka 1916, mahali hapo pakawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza neno hilo kuwa Kariakoo. Fedha za ununuzi zilimwendea mwenye hati. Lakini jina la mwenye hati halijulikani na mtu mmoja katika elfu wanaopita sokoni hapo, ilhali wapagazi, ambao wengi wao walikufa bila ya kaburi lenye jina, wanatajwa kila siku na kila mtu.

Hapo pana fundisho kwa mtafiti. Wafanya kazi wa shamba hawakuwa na desturi ya kumwita bwana kwa jina la ukoo wake. Walimpa jina walilomwona analistahili. Mfano maarufu uko mbali kidogo na Dar es Salaam, katika milima ya Usambara. Tom von Prince, ofisa aliyepigana na Mkwawa wa Wahehe, aliacha jeshi mwaka 1900 akawa mkulima huko pamoja na mkewe Magdalene, naye akauawa katika vita vya Tanga mwezi wa Novemba 1914. Waafrika walimwita Bwana Sakarani, yaani mtu aliyelewa, kwa ukali wake vitani, na jina la Sakharani limebaki katika shamba hata leo. Atakayekwenda kijijini kuuliza habari za mtu kwa jina la pasipoti atajibiwa kwamba hajulikani. Atakayekuja na jina la utani huenda akasimuliwa mengi, mengine asiyoyapenda. Maana wazee waliupa utawala ule jina la hamsa ishirini, kwa viboko ishirini na vitano vilivyokuwa adhabu yake ya kawaida.

Wala historia ya shamba la Kidachi Uzaramo haiwezi kutengwa na ile ya pamba. Tangu mwaka 1902 serikali ilianzisha mashamba ya pamba ya vijiji katika wilaya ya Dar es Salaam, yaliyolimwa kwa amri chini ya maakida na majumbe, kwa malipo duni hata wengine wakakataa kuyapokea. Mwezi wa Julai 1905 Vita vya Maji Maji vililipuka katika vilima vya Matumbi, vikaenea kusini yote, na Uzaramo ukaguswa. Kibasila, jumbe wa Kizaramo aliyeipinga kazi ile ya pamba, alinyongwa. Babu aliyekuwa na shamba lake katika miaka hiyo alikuwa jirani wa mambo haya, hata kama barua zake kwa mama yake zilizungumza juu ya mvua na homa tu.

Mwisho wa njia ya hati pia unajulikana. Mwaka 1913 bei ya mpira ilianguka, na masetla wengi waliokuwa wameutegemea walipata hasara. Baada ya vita Wadachi walirudishwa kwao, na mali yao ikashikwa na Serikali ya Kiingereza kama mali ya adui, ikauzwa kwa Wahindi, Wagiriki, Waingereza na wengine. Waliruhusiwa kurudi tangu 1925, wengi wakaja, na vita vya 1939 vikawafungia tena mlango. Kila mara majalada yaliandikwa: orodha ya mali, thamani yake, mnunuzi wake. Hata wafu waliandikwa. Makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza yaliyokuwa karibu na pwani ya mji yalihamishwa mwaka 1968 ili barabara ipite, yakapelekwa upande wa Kinondoni, kandoni mwa barabara ya Bagamoyo.

Walakini kuna wazao wa Wadachi ambao njia hii yote haiwafikishi kokote. Ndoa za Wazungu na Waafrika zilikatazwa katika koloni hili mwaka 1906. Mtoto aliyezaliwa na baba mwenye shamba na mama Mzaramo au Mmanyema hakuingia katika kitabu cha ndoa cha serikali, na mara nyingi jina la baba halikuandikwa popote. Huyu naye ni mzao, na damu ni ile ile. Lakini ukoo wake ulihifadhiwa na bibi, kwa mdomo, pamoja na jina la utani la baba na jina la mahali lilipokuwa shamba. Mjukuu wa Ujerumani ana karatasi asiyoweza kuifahamu bila ya masimulizi. Mjukuu wa Temeke ana masimulizi asiyoweza kuyathibitisha bila ya karatasi. Kila mmoja ameshika nusu ya daftari moja.

Kwa sababu hiyo kazi ya kumtafuta mkulima wa Kidachi si anasa ya familia za ng'ambo peke yao. Ikifanywa kwa ukamilifu, huwafufua pamoja naye watu waliosimama pembeni mwa hati yake: jumbe aliyeshuhudia, muuzaji wa minazi, mwanamke asiyeandikwa. Ikifanywa nusu, huongeza dhulma ya kwanza, kwa kuwa humhesabu tena yule yule aliyekwisha kuhesabiwa.

Methali inasema kweli kwamba mali isiyo na daftari hupotea bila ya habari. Lakini si kila kilichokosa daftari kimepotea. Katika wilaya ya Temeke, huko Chang'ombe, iko shule ya sekondari iitwayo Kibasila. Wanafunzi huliandika jina hilo kila siku juu ya madaftari yao.