Jaketi la Bodaboda: Vazi la Baridi Lililohamia Kwale

Mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imelegea na jua la Ukunda likichoma hata kivulini, mgeni anayeshuka matatu pale Kona ya Musa hukuta jambo la kumshangaza. Vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria wamevaa makoti mazito yaliyoshonwa kwa ajili ya theluji: yametiwa kijazo kinene, yana kofia ya manyoya, mengine yana nembo za vilabu vya kuteleza kwenye barafu. Wapo waliovaa kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni. Juu ya koti kuna kizibao cha reflekta kilichopauka, chenye picha ya mgombea aliyeshindwa uchaguzi zamani.

Wageni hucheka. Wenyeji wameshazoea. Lakini vazi hilo lina sababu zake, na historia yake ni ndefu kuliko ya bodaboda yenyewe. Wengi wametia mkono katika kulitengeneza: mafundi wa Ulaya na Marekani, wauza mitumba, wabunge wa Nairobi na wanasiasa wa mashinani. Aliyeulizwa mwisho, kama aliulizwa kabisa, ni yule anayelivaa kutwa.

Safari moja, hewa tatu

Kwanza tuifahamu hewa ya Kwale. Chukua safari ya kawaida kutoka Diani hadi Kinango. Ufuoni hewa ni nzito kwa joto na unyevu. Kutoka Ukunda hadi Kombani barabara ya Likoni–Lunga Lunga ni tambarare. Ukikunja kushoto pale Kombani unaanza kupanda Milima ya Shimba, na baada ya kilomita chache uko Kwale mjini, karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari. Kusi inayovuma kutoka baharini hubeba unyevu. Ikikutana na mwinuko huo hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na manyunyu. Ndiyo maana msitu wa Shimba, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968, hubaki kijani wakati nchi ya nyuma yake imekauka. Ukiuacha mji wa Kwale na kuteremka kuelekea Kinango, unaingia katika jua na vumbi la Waduruma. Dereva amepitia hewa tatu kwa safari moja, na nguo aliyovaa ni ileile.

Kalenda nayo haitulii. Kaskazi huleta joto kuanzia Desemba hadi Machi. Masika huingia Aprili, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Pwani. Kipupwe cha Juni hadi Agosti huja na kusi na manyunyu ya asubuhi. Vuli hufuata kuanzia Oktoba, na katika miaka ya El Niño huzidi kiasi, kama ilivyokuwa 1997 na tena Novemba 2023.

Katika hewa hii, adui wa mwendeshaji ni maji yakishirikiana na upepo. Shati lililolowa, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hukauka kwa kunyonya joto la mwili. Hapo mtu hutetemeka hata kama kipimo cha joto kinasoma nyuzi 24. Anayeondoka Msambweni alfajiri mvua ikinyesha, akafika Likoni akiwa amelowa, anajua kwa nini wenzake hawavui koti la theluji.

Mizizi ya mbali

Vita vya mwendeshaji na maji vilianza kabla ya pikipiki kubuniwa. Mwaka 1823, mkemia Charles Macintosh wa Glasgow, Scotland, alipata hataza ya kitambaa kilichobandikwa mpira kati ya tabaka mbili za nguo. Hicho ndicho babu wa koti la mvua la plastiki linaloning'inia leo katika maduka ya Ukunda, na kasoro yake ya kwanza bado anayo mjukuu: lisilopitisha maji halipitishi jasho pia.

Mabaharia wa Uingereza walikuwa na njia yao. Walipaka mafuta vitambaa vya tanga, kisha wakakata makoti kutokana na matanga makuukuu. Kutoka hapo ilizaliwa pamba ya nta, ambayo wapanda pikipiki waliidaka haraka. Kampuni ya Barbour ilishona suti ya mashindano ya pikipiki mwaka 1936, na Belstaff ikatoa jaketi lake la Trialmaster mwaka 1948.

Marekani ilichukua njia ya ngozi. Mwaka 1928, Irving Schott wa New York alishona jaketi aliloliita Perfecto, kwa jina la aina ya sigaa aliyoipenda. Zipu yake ilikatiza kifua kwa mshazari. Hivyo kifua kilifunikwa na ngozi mbili zilizolaliana, upepo ukakosa mlango, na mwendeshaji aliweza kuinama bila zipu kumchoma tumboni. Marlon Brando alipolivaa jaketi la aina hiyo katika filamu ya mwaka 1953, vazi la kazi likageuka fasheni ya vijana duniani.

Mwaka 1969, Bob Gore, pia wa Marekani, aligundua namna ya kuvuta plastiki ikawa utando wenye vitundu vidogo mno: tone la mvua halipiti, mvuke wa jasho unapita. Kitambaa cha Gore-Tex kikaingia sokoni miaka ya 1970, na leo jaketi la gharama la pikipiki huuzwa kwa sifa hiyo. Wagunduzi wote hawa walitoka nchi zenye majira ya baridi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiwazia Mei ya Msambweni.

Pikipiki zilikuja peke yake

Bodaboda ilianza kwa baiskeli mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Pwani ilichelewa kuipokea. Kwa miaka mingi pikipiki vijijini Kwale ilikuwa chombo cha afisa wa kilimo, daktari wa mifugo au mfanyakazi wa shirika. Mwanakijiji alitembea, alipanda baiskeli au alisubiri matatu barabara kuu.

Mambo yaligeuka mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini ya chini ya cc 250. Pikipiki za India na China zikamiminika. Vijana wa Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga wakapata kazi, na vijiji vya Kinondo, Gazi na Kikoneni vikapata usafiri hadi mlangoni. Mama mwenye uchungu usiku sasa aliweza kufikishwa hospitali ya Msambweni bila kusubiri gari la jirani.

Lakini pikipiki zilikuja peke yake. Mavazi ya mwendeshaji hayakuja nazo, na hapo ndipo mitumba ilipoingia.

Kenya ilikuwa imefungua soko la mitumba mapema miaka ya 1990, na Kongowea, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ikawa soko kubwa la nguo hizo Pwani. Marobota hufunguliwa, wachuuzi huchagua kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, na zinazobaki hushuka bei. Jaketi jepesi la kiangazi huisha upesi kwa sababu kila mtu analitaka. Koti la theluji hubaki, maana nani Mombasa analihitaji? Mwendeshaji bodaboda analihitaji. Kwake ni kinga ya upepo na vumbi kwa bei ya mlo wa siku chache. Soko lilimpa alichobakisha mwingine, naye akakifanyia kazi.

Ubunifu mkubwa ulikuwa kuligeuza. Jaketi likivaliwa kinyumenyume, kifua chote kinakuwa kipande kimoja kisicho na zipu, na upepo na mvua ya mbele havina pa kuingilia. Alichokifanya Schott kwa mshazari wa zipu mwaka 1928, dereva wa Afrika Mashariki alikifanya bila sindano wala uzi. Akipata joto, huacha mgongo wazi ukapunga hewa. Hasara zake pia zipo: kofia ya koti hukusanya maji shingoni, mikono haiendi vizuri mbele, na akianguka ni kazi kumvua ili atibiwe.

Sheria na siasa

Ajali zilipozidi, dola iliingilia. Mabadiliko ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2012 yalimtaka kila mwendeshaji avae helmeti na jaketi lenye viakisi mwanga, abebe abiria mmoja tu, na abiria huyo apewe vitu hivyohivyo.

Vazi hilo la pili pia lina mizizi Glasgow. Mwaka 1964 wafanyakazi wa reli katika eneo hilo walijaribishiwa vizibao vya rangi kali ili madereva wa treni wawaone kwa mbali. Rangi ya chungwa au njano kali huonekana mchana. Utepe wa kijivu, wenye shanga za kioo zisizoonekana kwa macho, hurudisha taa ya gari usiku. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Huku kwetu sheria ilitiiwa kwa herufi ikapoteza roho. Reflekta ikawa bango. Kila msimu wa kampeni wagombea hugawa zao zenye sura na rangi za chama, na kampuni nazo huweka nembo mgongoni. Picha ikipanuka, utepe hupungua. Jua la Pwani nalo hula rangi: reflekta ya njano baada ya kaskazi moja hufanana na gunia. Askari barabarani huona kizibao kipo na kuridhika, lakini dereva wa lori linalotoka Lunga Lunga usiku haoni kitu.

Abiria, licha ya kutajwa na sheria, alisahauliwa kabisa. Wengi hawataki kizibao chenye jasho la waliotangulia, na wanawake wa Kwale hujifunika leso mvua ikianza. Leso husitiri, lakini ncha yake ikining'inia hunaswa na gurudumu. Anayeivaa aikunje na kuikalia kabla pikipiki haijaondoka.

Lipi basi lichaguliwe?

Historia hii inaonyesha kwamba hakuna jaketi moja la Kwale. Ngozi huzuia michubuko kuliko vitambaa vingi, lakini kwenye unyevu wa Diani huota kuvu na ikilowa haikauki upesi. Koti la plastiki huzuia mvua na kumpika mvaaji. Utando wa kisasa, pamoja na bei yake, hutegemea hewa ya nje iwe kavu kuliko ya ndani. Mei ufuoni tofauti hiyo ni ndogo, na jasho hubaki palepale. Koti la theluji hukinga upepo, ila kijazo chake kikilowa humlemea mwenyewe.

Jibu la mvua na jua ni tabaka. Chini, jaketi jepesi la kitambaa kigumu chenye matundu ya kupitisha hewa, na pedi mabegani na viwikoni, maana anayeanguka kwenye lami huchubuka hata siku ya jua. Tangu 2020 Ulaya hupanga mavazi ya pikipiki kwa madaraja, AAA likiwa la juu, kisha AA na A; anayebahatika kulikuta jaketi lenye alama hiyo mitumbani asiliache. Juu yake, koti la mvua pana linalokunjika na kukaa chini ya kiti, la kuvaliwa Kombani kabla ya kupanda na kuvuliwa ukishuka kuelekea Kinango. Nje ya vyote, reflekta yenye utepe mbele na nyuma. Ikivaliwa chini ya koti la mvua haina kazi. Zipu iwe ya plastiki au shaba, kwa kuwa chumvi ya bahari huitia kutu ile ya chuma.

Uchaguzi mkuu wa 2027 unakaribia, na reflekta zitagawiwa tena. Vyama vya bodaboda vya Ukunda, Msambweni na Kwale vina nafasi ya kuweka sharti mapema: picha ya mgombea isizidi kiganja, utepe uzunguke mwili mzima, na kila dereva apewe na koti la mvua. Mgombea asiyeweza kutimiza hilo abaki na vizibao vyake.