Usemi thabiti wa namba kamili (lugha ya C)

Usemi thabiti wa namba kamili ni hesabu ambayo kompaila huweza kuikokotoa kabla programu haijaendeshwa, kama vile 2*60*60. C huudai kwenye lebo za case, upana wa nyuga za biti na thamani za enum.

Ugumu huanza herufi u, inayoifanya namba iwe ya aina isiyo na alama (unsigned), inapoongezwa mwishoni mwa namba. Kwa mfano, tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa nyuma kwa saa moja, na Juba ikawa mbele ya saa ya dunia kwa sekunde 7200 badala ya 10800. Tofauti hiyo ikiandikwa kama usemi 7200 - 10800, hutoa -3600. Lakini 7200 - 10800u, penye unsigned int ya biti 32, hutoa 4294963696: aina isiyo na alama hushinda, kisha 2 kwa kipeo cha 32 hujumlishwa hadi jibu liingie katika masafa yake. Hilo si kosa kwa mujibu wa kanuni za C, hivyo kompaila yaweza kunyamaza kimya. Kwa sababu hiyohiyo, -1 < 1u si kweli, jambo linalowatega hata wazoefu.