OpenSSL: Kufuli la intaneti linalotegemewa na wengi

OpenSSL ni mkusanyiko wa programu za kusimba na kulinda mawasiliano yanayopita katika mitandao ya kompyuta. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi na mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia na kuurekebisha bila malipo. Wengi wanaoitegemea hawajawahi kusikia jina lake, kwa sababu haifunguliwi kwa kubonyeza alama kwenye simu. Hukaa ndani ya seva, ikitumiwa na programu nyingine kama vile Apache na nginx, ambazo huendesha tovuti nyingi duniani.

Kazi yake

Mkaazi wa Mombasa anapoandika nenosiri lake katika tovuti, herufi hizo hupita kwenye mitambo mingi kabla ya kufika. Mara nyingi huvuka bahari kupitia nyaya kama TEAMS na SEACOM, zilizofika Mombasa mwaka 2009. Bila usimbaji, yeyote aliye njiani angeweza kuzisoma. Itifaki iitwayo TLS, iliyochukua nafasi ya SSL, ndiyo inayozuia hilo, na OpenSSL ni mojawapo ya programu zinazoitekeleza.

Kwanza seva hutoa cheti cha kuitambulisha. Kivinjari hukagua kama cheti hicho kimetiwa saini na mamlaka inayoaminika. Kisha pande mbili hukubaliana juu ya ufunguo wa siri bila kuutuma wazi, na kila kinachofuata husimbwa kwa ufunguo huo. Anwani inayoanza na "https" huonyesha kuwa njia imelindwa. Haithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye anaweza kupata cheti.

Asili yake

Chimbuko la OpenSSL ni SSLeay, programu iliyoandikwa na Eric Young na Tim Hudson nchini Australia kuanzia mwaka 1995. Wawili hao walipoiacha mwaka 1998 na kwenda kufanya kazi katika kampuni ya RSA Security, wengine waliichukua na kuipa jina jipya. Toleo la kwanza la OpenSSL lilitoka Desemba 1998.

Ufa wa mwaka 2014

Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro iliyopewa jina Heartbleed. Iligunduliwa na Neel Mehta wa Google, na pia na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland, kila upande ukifanya kazi kivyake. Kasoro hiyo ilikuwa ndani ya toleo la 1.0.1, lililotoka Machi 2012, kwa hivyo ilikuwa imekaa miaka miwili ikitumika kote duniani.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Kompyuta mbili zinapowasiliana, moja huweza kuuliza kama nyingine bado ipo kwa kutuma neno na kutaja urefu wake, ili lirudishwe vile vile. OpenSSL haikupima kama urefu uliotajwa ni wa kweli. Mtu aliyetuma herufi chache na kudai ametuma maelfu alirudishiwa hadi kilobaiti 64 za chochote kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya seva, yakiwemo manenosiri na hata funguo za siri. Wizi huo kwa kawaida haukuacha alama. Ndiyo maana kuweka toleo jipya hakukutosha: funguo, vyeti na manenosiri pia vililazimika kubadilishwa. Nchini Canada, mamlaka ya ushuru ilitangaza kuwa namba za utambulisho za watu wapatao 900 zilichukuliwa.

Tukio hilo lilifichua jambo jingine. Programu iliyolinda benki na serikali ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa kutwa, na michango ya hiari ya kama dola 2,000 kwa mwaka. Msimbo ulikuwa wazi kwa wote, lakini kila mmoja alidhani mwenzake ameshaukagua. Uwazi huruhusu ukaguzi, haumlipi mkaguzi.

Baada ya hapo kampuni kubwa zilichangia mfuko wa kusaidia miradi ya aina hii chini ya Linux Foundation. Watu wa OpenBSD walinakili msimbo na kuanzisha LibreSSL, na Google ikaanzisha BoringSSL. OpenSSL nayo iliendelea: toleo la 1.1.1 la mwaka 2018 lilileta TLS 1.3, na toleo la 3.0 likatoka Septemba 2021.

La kuzingatia

Matoleo ya OpenSSL yana mwisho wake. Huduma ya kawaida ya toleo la 1.1.1 ilikoma Septemba 2023, na seva iliyobaki nalo bila mpango wa kulipia marekebisho haipati tena viraka. Shule, chama cha akiba na mikopo, au hoteli yenye tovuti inafaa kumuuliza fundi wake maswali mawili: tunatumia toleo gani, na nani huliangalia baada ya tovuti kukabidhiwa? Amri fupi, "openssl version", hujibu la kwanza. La pili linahitaji jina la mtu na malipo yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu huwa umebeba siri za watu wengine.