Rubani, si Beki Robo

Orodha ilinifikia kwa simu: kurasa nne zilizopigwa picha upande upande, kivuli cha mkono wa mpiga picha kikiwa juu ya herufi. Yalikuwa majira yaleyale ambayo mpwa wangu wa Iowa hunipigia kila Jumapili usiku kunilalamikia timu yake. Waliotunga orodha hiyo sitawataja, wanajijua. Itoshe kusema kwamba ni kamati, kwamba ilikaa, na kwamba ilipokaa ilikunywa chai. Humo, kati ya istilahi za michezo ya barafuni na zile za mieleka, nilimkuta kwotabeki wa mpira wa Kimarekani amepewa jina la Kiswahili: "beki robo". Na chini yake, kwa wasioridhika: "au robo-nyuma".

Nilisoma mara mbili, nikaenda kunawa uso.

Kwotabeki ni nani sina haja ya kueleza. Msomaji wa makala ya namna hii ameshamwona, kama si kwenye runinga basi kwenye simu ya kijana wa jirani. Ninachotaka ni kuuliza kamati: je, wao walimwona?

Neno beki lina mwenyewe. Hapa Uvira, kuanzia Kalundu hadi Kavimvira, mtoto anayepiga mpira wa matambara akisema beki anamaanisha mtu wa kulinda goli, yule mwenye magoti ya makovu ambaye kazi yake ni kuzuia. Kwotabeki hazuii kitu. Yeye ndiye shambulio lenyewe. Timu yake ikipoteza mpira, ndipo inapoanza kuzuia, na wakati huo yeye amekaa benchi anakunywa maji. Kumwita beki ni sawa na kumwita mvuvi mlinzi wa samaki.

Na hiyo robo? Ni kipimo cha hatua, tena hatua za zamani. Katika raga ya Waingereza ya karne ya 19 wachezaji wa nyuma waliitwa kwa umbali wao kutoka mstari wa mbele: wa robo, wa nusu, wa robo tatu, na wa nyuma kabisa. Wamarekani walirithi hesabu hiyo. Mwaka 1880 Walter Camp wa Yale na wenzake walipobadili namna ya kuanzisha mchezo, sheria ilimtaja anayepokea mpira wa kwanza kwa jina hilo la robo, na ikamkataza kukimbia nao mbele. Kazi yake ilikuwa kupokea na kukabidhi, kama karani wa posta. Pasi ya kwenda mbele iliruhusiwa mwaka 1906 tu. Tangu hapo kazi imebadilika kabisa, jina likabaki palepale. Sisi tunaolitafsiri leo tuna bahati ya kuanza upya, halafu kamati yetu inakwenda kufukua kipimo ambacho wenyewe walishakisahau na kukileta kwa Kiswahili kama kitu kipya!

Wenzangu waliosoma kwa Kifaransa wananionyesha kwamba Wakanada wa Québec wanasema "quart-arrière". Ndiyo, nao walinakili. Nakala ya nakala hufifia. Kila aliyewahi kutoa fotokopi ya kitambulisho sokoni anajua sura yake ilitokaje.

Wako pia wanaosema tuliache neno lilivyo, kwotabeki. Hao nawaheshimu kuliko kamati, maana hawajajifanya kutafsiri. Ila sikio la Uvira lina historia yake. Mpwa wangu alipolitamka mara ya kwanza mbele ya mama yake, dada yangu alisikia "kwata", akaacha kukoroga bugali na kuuliza: "Ni jeshi gani tena?"

Sasa nahodha. Yupo bwana mmoja, nilisoma naye, siku hizi ni mtu wa kualikwa kwenye makongamano, ambaye amelipigia debe neno hilo hadi watu wakadhani jambo limekwisha. Pendekezo lake lina sura nzuri, ndiyo maana linadanganya. Nahodha ni Kiajemi, na ukilipasua linatoa vipande viwili: chombo, na bwana wake. Nahodha wa kale alikuwa mkubwa wa jahazi. Mali ni yake au imewekwa mikononi mwake, amri ni yake. Kwenye kandanda tumeshampa kitambaa cha mkono na kazi ya kuchagua upande wa sarafu. Katika mchezo wa Wamarekani pia manahodha wapo, wawili, watatu, hata zaidi, na beki wa kweli anaweza kuwa mmoja wao. Je, tutasema nahodha wa kwanza na nahodha wa kurusha? Bwana yule hajajibu. Anasafiri.

Ili nisiambiwe kwamba nimekaa na kamusi tu, niliteremka ziwani alfajiri moja, mitumbwi ya taa ilipokuwa ikirudi na ndagala, nikamuuliza mzee wa huko wanamwitaje yule anayesoma maji usiku na kuamua wavu ushushwe wapi. Akajibu bila kufikiri: "Kapita." Nilitamani angefikiri. Kapita ni neno la Kireno la kapteni lililopita mikononi mwa Wabelgiji, likawa jina la msimamizi wa shamba na wa kazi za shuruti. Babu yangu alilitamka kwa meno yaliyofungwa. Mzee ana haki ya kulitumia, ameliosha kwa maji ya ziwa miaka yote hiyo, lakini mimi siwezi kulibandika kwenye mgongo wa kijana anayecheza.

Basi nikarudi kwenye neno langu, ambalo nilikuwa nalo tangu mwanzo: rubani.

Najua pingamizi. Rubani ni wa ndege. Sasa ni wa ndege, ndiyo, lakini muulize rubani huyo alitoka wapi. Alitoka majini. Ndege zilipofika Kiswahili hakikuhangaika kuunda jina. Kilimtwaa rubani kutoka jahazini kikampandisha angani, na hakuna kamati iliyokaa. Neno ni la Kiarabu, na wako wanaolisukuma nyuma zaidi hadi kwenye Kiajemi, wakiona ndani yake njia na mlinzi wa njia. Sitapigana na anayekataa asili hiyo, ingawa naipenda. Jambo lisilopingika ni maana yake ya pwani: mjuzi wa njia, anayejua mwamba uko wapi chini ya maji yanayoonekana shwari, na mlango wa bandari unaingiwa kwa upepo upi.

Tena kuna jina jingine la mtu huyo ambalo linanigusa kazini kwangu. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi alipewa mtu wa kumvusha bahari hadi India. Wanahistoria wamegombana sana juu ya nani hasa. Wengi walimtaja Ahmad ibn Majid, bingwa wa Kiarabu, na leo dai hilo halina nguvu tena. Lakini Wareno waliandika jina lililosikika kwao kama "Malemo", ambalo ni lilelile la Kiarabu lililotupa sisi mwalimu. Mjuzi wa njia baharini aliitwa mwalimu! Nimefundisha miaka 31, na mshahara wangu unapochelewa hujikumbusha hilo. Nisingependekeza mwalimu kwa kwotabeki, kocha angekasirika, lakini iandikwe mahali kwamba ningeweza.

Tofauti ya nahodha na rubani ndiyo roho ya hoja yangu, na uwanja wenyewe unaishuhudia. Katika ligi ya NFL kocha humnong'oneza kwotabeki kwa redio iliyo ndani ya kofia yake. Utaratibu huo ulianza mwaka 1994. Saa ya kuanzisha mchezo ikibakiza sekunde 15, redio inakatwa. Amri imekwisha kutolewa na mwenye amri yuko pwani, kuanzia hapo kijana yuko peke yake kwenye mlango wa mwamba, anatazama mabeki (hao ndio mabeki!) wakisogea kushoto, wakijifanya wanakuja, wakirudi, naye anabadilisha mpango kwa kupiga kelele. Huyo ana robo gani? Robo ya nini?

Ushahidi wa pili ni timu yenyewe ya mpwa wangu, Green Bay Packers. Kijana alizaliwa Nyarugusu, kambini Tanzania. Mama yake alikuwa amerudi nyumbani mwaka 1997 kwa meli ya Liemba, katika moja ya safari 22 zilizovusha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Uvira, na mwaka uliofuata vita vikamrudisha ng'ambo. Leo kijana anakata nyama kiwandani Iowa, na anasema aliichagua timu hiyo kwa sababu mbili. Kwanza ni ya mji mdogo wa ziwani, kwenye ghuba ya Ziwa Michigan. Pili, jina lake lina maana ya wafungasha nyama: mwaka 1919 kampuni ya nyama ilimpa mwanzilishi wake, Curly Lambeau, pesa za jezi, na jina likabaki. "Mujomba, hii ni timu ya kazi yangu," aliniambia. Na timu hiyo haina tajiri. Ina wanahisa wengi mno, watu wa kawaida, ambao hisa zao hazilipi faranga moja. Chombo kisicho na bwana! Sasa nahodha wa yule bwana wa makongamano atasimama wapi? Rubani yupo lakini, tena wa ukoo.

Hapo ndipo orodha ya kamati iliponichoma zaidi. Kwa lile jambo la kumlea kijana hadi aweze kazi hii, wameandika "maendeleo ya beki robo". Maendeleo! Maendeleo ni barabara, ni bomba la maji, ni kibao cha mradi kilichopakwa rangi. Mtu haendelezwi, anaivishwa. Na Kiswahili kina jina la kale la anayejifunza kazi kwa kukaa karibu na fundi: mwanagenzi. Ukisema rubani mwanagenzi umeshaona picha nzima, kijana kwenye tezi, kimya, akimtazama mzee anavyotazama maji.

Green Bay ndivyo walivyofanya. Aaron Rodgers walimchukua mwaka 2005, wa 24 katika uteuzi wa vijana, wakamkalisha misimu mitatu nyuma ya Brett Favre. Alipoachiwa chombo mwaka 2008 hakuchukua muda, Februari 2011 akaleta ubingwa. Mwaka 2020 wakamchukua Jordan Love, wa 26, wakamkalisha vilevile nyuma ya Rodgers hadi 2023. Mpwa wangu ameijenga imani yake yote juu ya hili. Timu yake ikipoteza anasema nisubiri; timu nyingine zikimtupa mtoto majini wiki ya kwanza na kumfukuza mwaka wa pili, anacheka kwa uchungu kama mtu aliyeona mtumbwi mzuri ukipasuliwa kuni. Juu ya mwaka huu anasema watafika mbali kama mguu wa rubani hautaumia na kama ukuta wa mbele yake utasimama, na mara moja anaanza kuorodhesha wa ukuta huo waliokwisha kuumia.

Nilimpinga kidogo, maana mjomba asiyepinga hapigiwi simu. Nikamwambia Peyton Manning hakukalishwa. Mwaka 1998 alianza mechi zote 16, akawapa wapinzani mipira 28 mikononi, timu yake ikashinda mechi tatu tu, na bado baadaye akawa bingwa. Akajibu: "Mujomba, huyo alizaliwa tezini." Kweli baba yake, Archie, alikuwa rubani pia. Nikaleta Patrick Mahomes, aliyekalishwa msimu mmoja tu nyuma ya Alex Smith, na mataji yake ya 2020, 2023 na 2024. Akanyamaza, kisha akasema msimu mmoja nao ni msimu. Sikulazimisha. Nilichokuwa nakisikiliza ni kwamba katika ugomvi mzima, dakika 40 za vocha yake, neno rubani lilipita mdomoni mwake mara nyingi bila kugonga meno, na "beki robo" halikuhitajika hata mara moja.

Niliandikia kamati. Kurasa sita, kwa mkono wangu. Jibu lilikuwa mstari mmoja ukinishukuru kwa mchango, na jina langu limekosewa herufi.

Kwa matumizi: rubani, marubani, wa benchi ni rubani wa akiba, anayejifunza ni rubani mwanagenzi, kumlea ni kumwivisha, kazi yake ni urubani. Yatosha.

Limebaki jambo moja la ukurasa wa tatu. Yule anayepokea mpira kutoka kwa rubani na kuutia kwapani apenye nao, kamati imemwita "mkimbizi". Chukua mchezaji wa nafasi hiyo, Tim Biakabutuka: alizaliwa Kinshasa Januari 1974, mwaka ambao Leopards wa Zaire walipigwa tisa na Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia. Alikulia Québec, akachezea Chuo Kikuu cha Michigan, na Novemba 1995 alikimbia yadi 313 katika mechi moja dhidi ya Ohio State. Mwaka uliofuata Carolina Panthers wakamchukua, wa nane kati ya vijana wote wa uteuzi. Kwa orodha hii, huyo ni mkimbizi wa Carolina. Nilimsomea dada yangu kwenye simu. Aliuliza kama hao walioandika wamewahi kufika bandarini Kalundu siku meli inapoteremsha watu, nami sikuwa na la kumjibu. Kwa mchezaji huyo sina neno bado. Nalitafuta.