Siku Tano Ndani ya Dori

Yamkini, ewe msomaji, hujapata kuona bahari ambayo povu lake huganda likawa barafu juu ya nguo za mvuvi. Bahari ya namna hiyo iko kusini ya Newfoundland, kisiwa kikubwa cha Kanada, na huko ndiko walikokwenda kuvua, katikati ya majira ya baridi, mabaharia wa mji wa Gloucester katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Habari nitakazokueleza ni za mwaka 1883.

Kwanza yakupasa ufahamu jinsi kazi yao ilivyokwenda, maana bila ya hayo kisa hiki kitakuwa hekaya ya shujaa tu. Hapo awali wavuvi wa Gloucester walisimama juu ya merikebu zao na kuteremsha mishipi ubavuni. Katikati ya karne ya 19 walianza kutumia mashua ndogo ziitwazo dori. Dori ni mashua ya mbao yenye kitako bapa. Mabao yake ya kukalia huondolewa, kwa hiyo ziliweza kupangwa juu ya merikebu moja ndani ya nyingine kama mabakuli. Wakifika penye samaki dori zilishushwa, watu wawili katika kila moja, nao wakaenda kutandaza kamba ndefu yenye mamia ya ndoano, kisha wakarudi kuivuta. Kwa njia hiyo merikebu moja ilivua mahali papana sana. Faida yake waiona. Lakini watu waliokuwa pamoja juu ya chombo kikubwa sasa walitawanywa juu ya maji wawili wawili, na theluji ikishuka hawakuweza kuiona merikebu yao.

Mbona basi hawakungoja baridi ipite? Mvuvi hakuwa na mshahara. Kwa kawaida mapato ya safari yaligawanywa, nusu ya mwenye merikebu na nusu ya mabaharia. Pasipo samaki, hapana malipo. Na kwa kuwa reli ilikuwa imekwisha kuyaunganisha mabandari na miji ya bara, samaki wabichi walipata wanunuzi hata wakati wa baridi. Katika mwaka 1879 peke yake Gloucester ilipoteza merikebu 29 na watu 249. Mwaka uliofuata merikebu zilitweka tena.

Tarehe 25 Januari 1883 merikebu iitwayo Grace L. Fears ilikuwa penye kina kifupi kiitwacho Burgeo Bank, ikivua halibati, samaki mkubwa sana aliye bapa kama gayogayo wetu. Katika dori moja walikuwamo Howard Blackburn, mzaliwa wa Nova Scotia, na Thomas Welch wa Newfoundland. Walipokuwa wakivuta kamba yao theluji ilianguka na upepo ukageuka, wakajikuta upande wa demani, yaani upepo uliwasukuma mbali na merikebu. Usiku waliiona taa yake. Wakapiga makasia kuielekea, wasiifikie. Kulipokucha hapakuwa na kitu ila mawimbi.

Hawakuwa na chakula wala maji ya kunywa. Blackburn alitengeneza nanga ya kuelea kwa pipa dogo, ili omo ya dori iyaelekee mawimbi, na katika kazi hiyo alivua glavu zake za sufu. Welch alipokuwa akifua maji kwa haraka, glavu zile zikatupwa baharini pamoja na maji. Blackburn alijua maana yake. Vidole vikiganda vimenyooka havitaweza kushika kasia tena. Basi alivikunja kuuzunguka mpini, akavishikilia hivyo mpaka vikaganda katika umbo lile. Tangu hapo mikono yake ilikuwa kulabu tu. Aliweza kuiingiza katika makasia na kuvuta, ingawa kila alipovuta nyama ya vidole ililika.

Welch alikufa usiku wa pili. Mwenzake hakumtupa, alivuta makasia kuelekea nchi kavu, mwili wa Welch ukiwa ndani ya mashua, na siku ya tano akafika mlangoni mwa mto mmoja wa Newfoundland. Alilala ndani ya nyumba iliyohamwa, na siku ya pili yake akapata watu. Jamaa hiyo ilikuwa maskini mno, lakini ilimwuguza kwa majuma mengi, ikimtia dawa ya unga na mafuta ya ini la samaki. Vidole vyote vilikatika, na baadhi ya vidole vya miguu. Vidole gumba vikabaki nusu.

Waandishi wengi humsifu Blackburn kwa mwili wake wa chuma, na kwa haki. Mimi naona Welch naye astahili kutajwa.

Watu wa Gloucester walimchangia Blackburn fedha, akafungua duka, na baadaye baa. Bahari hakuiacha. Mwaka 1899, peke yake katika mashua ya tanga yenye urefu wa futi 30, alivuka Atlantiki mpaka Uingereza kwa siku 62. Mwaka 1901 alivuka tena, peke yake vilevile, katika mashua ya futi 25, akafika Lisbon kwa siku 39, akishika kamba na usukani kwa viganja visivyo na vidole. Alifariki mjini Gloucester mwaka 1932.