Dereva na kondakta wa basi la London

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, maradhi ya moyo yaliwaua wanaume wengi nchini Uingereza, na madaktari hawakujua kwa nini. Dokta Jerry Morris aliwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa jijini London. Dereva na kondakta walitoka tabaka lile lile la kijamii na kufanya kazi katika basi moja. Lakini dereva aliketi karibu zamu nzima, ilhali kondakta alipanda vidato vya ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1953 katika jarida la Lancet: makondakta waliugua moyo kwa uchache zaidi. Je, pengine wanene ndio walioelekea kwenye udereva? Morris alitafuta vipimo vya suruali za sare zao. Kweli, viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Hata hivyo, kondakta mnene naye alikuwa na nafuu kuliko dereva mnene.

Wauzaji wa meza za kufanyia kazi kwa kusimama hupenda kuutaja uchunguzi huo, ingawa kondakta hakuwa mtu wa kusimama tu mahali pamoja. Morris alifariki dunia mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 99.